Gari Likikataa Kuwaka Alfajiri: Tuipime Betri Kabla ya Kumlaumu Dereva

Wasomaji wetu walio vikosini na katika vituo vya polisi wanazijua vema sauti za gari lisilotaka kuwaka. Ipo ile ya stata inayozunguka kwa kujivuta, kama mtu aamkaye na homa, kisha ikanyamaza. Ipo ile ya kugonga mbio mbio, tak-tak-tak-tak, huku taa za dashibodi zikififia na kurudi. Ipo ile ya pigo moja tu, kisha basi. Na upo ukimya mtupu, ambapo dereva huzungusha ufunguo mara ya pili na ya tatu kana kwamba hauamini mkono wake mwenyewe.

Kila moja ya sauti hizo ina maana yake, na leo twapenda kuzieleza pamoja na njia za kuipima betri na mtambo unaoichaji. Hatusemi kama fundi, kwa maana kazi yetu ni kalamu. Twasema kama mtu ambaye aliwahi kumkosea mwenzake kwa kutojua mambo haya.

Miaka kadhaa iliyopita, nyota yetu ya kwanza ikiwa bado inang'aa begani, tulikabidhiwa platuni iliyopiga kambi katika nyika ya Karamoja, mwendo wa saa kadhaa kutoka mji wa Moroto. Tulikuwa na lori moja la dizeli. Usiku mmoja askari wetu kijana alishikwa na malaria kali; saa nne usiku alikuwa akitetemeka, na ilipofika saa kumi alfajiri hakuwatambua tena wenzake. Tulimwamsha dereva, koplo mmoja mtaratibu aliyetuzidi umri. Akapanda, akazungusha ufunguo. Tak-tak-tak-tak. Watu ishirini na zaidi wakaweka mabega yao, lakini lori zito lililosimama juu ya mchanga halisukumiki kama gari dogo la mjini. Ilitulazimu kuita msaada kwa redio, na redio, kwa bahati, ilikuwa nzima. Gari jingine lilifika saa tatu asubuhi, na mgonjwa akafikishwa hospitali saa sita mchana. Alipona. Daktari hakutulaumu, alituuliza tu kwa nini tumechelewa, nasi hatukuwa na jibu.

Tuliporudi kambini tulichukua karatasi, tukaandika shtaka dhidi ya yule koplo kwamba ameacha taa za lori zikiwaka usiku, na kwa uzembe wake ameimaliza chaji ya mali ya serikali. Alisimama kwa heshima akasema, "Afande, taa nilizima." Hatukumsikiliza. Tutarudi kwake baadaye, kwa kuwa haiwezekani kuieleza kesi yake kabla ya kueleza betri yenyewe.

Betri ya gari tunayoitumia leo ni kitu cha zamani. Mfaransa Gaston Planté aliibuni mwaka 1859, na mwenzake Camille Faure akaiboresha mwaka 1881. Ndani yake mna sahani za risasi zilizotumbukizwa katika asidi ya salfa iliyochanganywa na maji. Risasi hii ni madini, wala si ile ya bunduki, ingawa jina ni moja kwa sababu iliyo wazi kwa kila askari. Sahani za upande wa chanya zimepakwa oksidi ya risasi yenye rangi ya kahawia, na zile za hasi zimepakwa risasi laini yenye vitundu kama sifongo. Betri inapotoa umeme, asidi huziingia sahani zote na kufanya salfeti ya risasi, na maji ya betri hubaki mepesi. Inapochajiwa, salfeti hiyo huyeyuka na asidi hurudi katika maji yake. Ndiyo kusema kwamba nguvu ya betri yaweza kusomwa katika uzito wa maji yake, na jambo hili ni la maana sana kwa fundi asiye na vyombo vya ghali.

Betri ya volti 12 ina vyumba sita, yaani seli sita, na kila seli ikijaa hutoa volti 2.1 hivi. Sita mara 2.1 ni 12.6. Dereva akumbuke hesabu hii kama akumbukavyo namba yake ya jeshi. Betri iliyopumzika na kuonyesha volti 12.6 au zaidi imejaa. Ikionyesha 12.4 ina robo tatu ya chaji, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo. Na ikiwa chini ya 11.9 imekwisha, hata kama taa ndogo za ndani zinawaka vizuri. Wengi hudanganyika hapa. Husema, "Betri ina volti 12, kwa hiyo ni nzima," kumbe volti 12 kamili ni betri iliyobakiwa na robo tu.

Neno "iliyopumzika" tumelitia kwa makusudi. Gari likizimwa sasa hivi baada ya safari, betri huonyesha volti nyingi kuliko ilizo nazo kwa kweli, mfano wa mtu aliyetoka mezani ambaye tumbo lake hudhani limeshiba kwa siku tatu. Afadhali kuipima asubuhi kabla ya kuwasha injini. Ikiwa hakuna nafasi, washa taa kubwa kwa dakika mbili, zizime, ngoja kidogo, ndipo upime.

Sasa turudi kwenye zile sauti. Kugonga mbio mbio karibu kila mara ni dalili ya umeme haba: kuna nguvu ya kuvuta swichi kubwa ya stata, lakini stata yenyewe inapoanza kunywa umeme, nguvu huanguka na swichi huachia, kisha huvuta tena. Kujivuta ni ugonjwa uleule katika hatua ya mwanzo, au ni waya mchafu. Pigo moja na kimya huweza kuwa stata iliyokwisha makaa yake, au tamino iliyolegea. Ukimya mtupu huku taa zikiwaka kwa nguvu, mara nyingi betri haina kosa. Tafuta kwenye swichi ya ufunguo, kwenye waya mwembamba uendao kwa stata, au, kwa gari la gia otomatiki, katika mkono wa gia usiokaa mahali pake. Njia rahisi ya kuwatenga washtakiwa hawa ni kuwasha taa kubwa na kumwomba mwenzako azungushe ufunguo huku ukizitazama. Taa zikifa kabisa, shida ni betri au waya zake. Zikiendelea kung'aa kana kwamba hakuna kilichotokea, umeme haufiki kwenye stata hata kidogo.

Kabla ya kushika mita yoyote, fungua boneti utazame kwa macho. Fundi mzuri hutazama kwanza, na magari mengi hupona kwa kutazamwa. Ule unga mweupe au wa kijani unaoota juu ya vichwa vya betri huzuia umeme kupita. Utoe kwa maji ya moto yaliyotiwa soda ya kuokea mikate, ukiangalia maji hayo yasiingie ndani ya seli, kisha sugua vichwa na tamino kwa brashi ya waya hadi risasi ing'ae, kaza nati, na upake vaselini juu yake baada ya kukaza, si kabla. Tazama kama betri imefungwa imara, kwa kuwa barabara zetu za vumbi na makorongo huvunja sahani za betri inayorukaruka kuliko uzee uzivunjavyo. Ikiwa ubavu wake umevimba, imepata joto kupita kiasi, usihangaike nayo.

Unapofungua nyaya, anza na hasi, yaani erthi. Unapofunga, erthi iwe ya mwisho. Sababu yake si ushirikina wa mafundi. Ukianza na chanya, na spana ikagusa mwili wa gari, umeme wote wa betri hupita katika spana hiyo, na tumewahi kuona pete ya ndoa ikiacha alama ya kudumu katika kidole cha mtu kwa njia hiyo. Vua pete na saa. Wala usivute sigara hapo. Betri inayochajiwa hutoa hewa ya haidrojeni, na cheche moja yatosha kuipasua na kumrushia mtu asidi usoni. Asidi ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi bila kukoma kwa dakika 15 au zaidi, kisha hospitali, hata kama maumivu yamekwisha.

Betri zenye vifuniko vya kufungua zina fadhila moja ambayo zile zilizozibwa hazina: zinakubali haidromita. Hicho ni kijibomba cha kioo chenye kielezi ndani yake na mpira wa kuvutia maji. Vuta maji ya seli ya kwanza, soma, yarudishe mumo humo, uandike. Maji ya betri iliyojaa husoma 1.265 hadi 1.280, nusu ya chaji ni 1.190 hivi, na 1.120 ni betri iliyokufa njaa. Katika nchi za joto watengenezaji wengine hutia asidi nyepesi kidogo, ambayo hata ikijaa husoma 1.240, kwa hiyo soma maelezo ya betri yako kwanza. Hata hivyo jambo kubwa kuliko namba yenyewe ni usawa wake. Seli tano zikisoma 1.250 na ya sita ikasoma 1.150, seli hiyo moja imekufa na betri nzima imekwisha, na hakuna chaji itakayoifufua. Seli zote zikiwa chini kwa usawa, betri haina ugonjwa. Ina njaa, na yatupasa tuulize kwa nini hailishwi.

Hapa tungependa kusema neno juu ya maji. Seli zikipungua, huongezwa maji yaliyokenekwa, yale yasiyo na chumvi wala madini, hadi yazifunike sahani kwa kiasi cha sentimita moja, au yafike kwenye alama. Ikiwa sahani ziko wazi, zifunike kwanza. La sivyo, ongeza baada ya kuchaji, kwa kuwa maji hupanda betri ikijaa. Kinachopotea kwa joto na kuchemka ni maji. Asidi haiendi popote. Kwa hiyo kuongeza asidi kila maji yapunguapo ni kuziunguza sahani polepole. Na katika maduka mengi chupa ya maji na chupa ya asidi hukaa rafu moja, zikiwa na umbo moja, na zote mbili watu huziita "maji ya betri." Tumeona askari mwenye nia njema akiimaliza betri mpya kwa miezi michache kwa kosa hilo. Soma karatasi ya chupa. Maji ya bomba na ya kisima yana madini ambayo betri haiyataki, hata yakichemshwa.

Sasa mtambo wa kuchaji. Magari ya zamani yalikuwa na dainamo. Magari ya tangu miaka ya 1960 na 1970 yana alteneta, ambayo huzungushwa na injini kwa mkanda. Ukifungua ufunguo bila kuwasha injini, taa nyekundu yenye picha ya betri huwaka. Injini ikishika, huzimika. Ikibaki inawaka, alteneta haitoi umeme, na dereva ana muda mfupi wa kufika aendako kabla ya betri kwisha. Isipowaka kabisa ufunguo ukifunguliwa, usifurahi. Yawezekana balbu yake imeungua, na katika magari mengi alteneta huamshwa na umeme mdogo unaopita katika balbu hiyo; balbu ikifa, alteneta hulala.

Anza na mkanda. Ubonyeze kwa kidole gumba katikati ya sehemu yake iliyo ndefu. Ukiingia sentimita moja hivi ni sawa kwa mikanda mingi. Ukilegea huteleza, hupiga kelele wakati wa kuwasha, na alteneta hutoa nusu ya umeme wake. Ukikazwa mno huua beringi. Kisha weka mita ya volti kwenye vichwa vya betri, injini ikizunguka kwa kasi kidogo kuliko ya kusimama. Mita yapasa isome baina ya 13.8 na 14.5. Ikisoma 12.4 ileile iliyosoma kabla ya kuwasha, hakuna chaji inayoingia. Ikipita 15, rejista ya chaji imeharibika na betri inachemshwa. Ndiyo maana baadhi ya magari hunywa maji ya betri kila wiki, na dereva hulaumu jua. Washa sasa taa kubwa na feni. Mita ikishuka kidogo na kusimama juu ya 13.5, mtambo ni mzima. Ikianguka hadi 12 na kitu, makaa ya alteneta yamekwisha, au dayodi mojawapo imekufa. Dayodi iliyokufa ina uovu wa pili: yaweza kupitisha umeme kinyume usiku kucha gari likiwa limelala.

Umeme unaovuja usiku ni mwizi anayestahili aya yake. Taa kubwa mbili za wati 55 hutumia ampea 9 hivi. Betri ya ampea-saa 60 huimaliza kwa saa sita au saba. Lakini balbu ndogo ya ndani ya sanduku la dashibodi, au redio isiyozimika sawasawa, yaweza kuvuta nusu ampea tu, na hiyo yatosha kuilaza betri hiyohiyo kwa siku tano. Gari la kituo lililoegeshwa Ijumaa, Jumatano haliwaki, na kila mtu huapa kwamba hakuligusa. Kumkamata mwizi huyu, zima vitu vyote, funga milango, fungua erthi, na uweke mita ya ampea kati ya waya na kichwa cha betri. Gari la kisasa lililotulia huvuta chini ya miliampea 50. Likivuta zaidi, chomoa fyuzi moja moja hadi mshale uanguke. Fyuzi iliyouangusha ndiyo inayojua habari. Tahadhari moja: usizungushe stata mita hiyo ikiwa imeungwa, utainunua mpya.

Kosa linalowachosha watu kuliko yote, kwa maoni yetu, ni la waya wa erthi. Tuliwahi kufika katika kituo kimoja cha polisi, tusichokitaja, ambako gari la doria lilikuwa limebadilishiwa betri mara tatu kwa mwaka mmoja, na usiku bado lilisukumwa na mahabusu. Fundi mmoja mzee aliweka ncha moja ya mita juu ya kichwa cha hasi cha betri na nyingine juu ya chuma cha injini, akaomba ufunguo uzungushwe. Mita yapasa isome chini ya volti 0.2. Ilisoma zaidi ya 2. Maana yake volti mbili zilikuwa zikipotea njiani kabla ya kurudi kwenye betri. Gari lilikuwa limepakwa rangi upya, na aliyelipaka alifunga waya wa erthi juu ya rangi. Dakika kumi za msasa zilifanya kazi ambayo betri tatu hazikuifanya. Betri zile mbili za kwanza, kwa hakika, zilikuwa nzima; hatukuuliza zilikokwenda.

Na sasa lori letu la Karamoja.

Magari mengi makubwa ya jeshi hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizoungwa kwa mfuatano: hasi ya betri ya juu hushika chanya ya betri ya chini. Redio yetu ilikuwa ya volti 12. Tulipofika kambini tulimwamuru koplo aichukulie umeme kutoka katika betri moja tu, ile ya chini iliyofungwa erthi. Alisema, "Afande, fundi alitukataza." Tukamjibu kwamba ni kwa siku chache. Zikawa majuma sita, na mbali na redio, kila askari mwenye simu alikuja kuichaji hapo.

Sajini fundi alipofika kutoka makao ya batalioni hakuuliza nani aliacha taa. Alizipima betri zote mbili kwa pamoja, mita ikasoma 24.5, ambayo kwa macho ya haraka si mbaya sana. Kisha akapima moja moja. Ya juu ilisoma 12.8. Ya chini ilisoma 11.7. Akafungua vifuniko: ya juu ilikuwa imekauka hadi sahani zikaonekana, na ya chini haidromita yake ilisoma karibu na maji matupu. Lori lilipowashwa kwa msaada, alteneta ilitoa volti 28 kama ilivyopaswa, lakini hazikugawanywa nusu kwa nusu. Betri ya chini, yenye njaa, ilishika 12.7 tu, ya juu, iliyoshiba tangu zamani, ilisukumiwa 15.3 na kuchemka. Kila siku tuliyokwenda safari tuliipika moja na kuinyima nyingine, na kipimo cha dashibodi, kinachosoma jumla, kilitudanganya kwamba mambo ni mazuri.

Taa zilikuwa zimezimwa, kama koplo alivyosema. Aliyeimaliza chaji ni yule aliyetoa amri ya kuunga redio.

Tulilichana lile shtaka mbele ya platuni nzima, kwa kuwa mbele yao ndipo tulipolisoma. Si jambo jepesi kwa afisa mwenye nyota moja, wala hatutaki kudai kwamba tulilifanya kwa moyo mweupe; sajini fundi alikuwa amesimama pale na tulijua ataandika ripoti yake. Redio ilipata kigeuzi chake cha kushusha volti 24 hadi 12 kutoka betri zote mbili, ambacho kilikuwa stoo muda wote, ndani ya sanduku lake.

Kwa kuwa tumelitaja lori la volti 24, hatuna budi kuonya juu ya kuazimana umeme. Lori la volti 24 halimsaidii Land Cruiser wa volti 12. Ukiliunga, utaunguza taa, redio na kompyuta ya injini, na huenda ukaipasua betri. Magari yawe na volti sawa. Waya mwekundu huanzia chanya ya betri iliyokufa kwenda chanya ya betri nzima. Waya mweusi huanzia hasi ya betri nzima, na ncha yake ya mwisho hufungwa kwenye chuma cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri, ili cheche isiikute haidrojeni. Injini ya gari zima izunguke dakika chache kabla ya kujaribu lile jingine. Na likishawaka, lisiachiwe alteneta kazi yote ya kuijaza betri iliyokwisha kabisa, maana alteneta huungua kwa mzigo huo. Ipelekwe karakana ichajiwe taratibu: ampea 7 kwa betri ya ampea-saa 70, kwa saa kumi au kumi na mbili. Betri iliyoachwa tupu kwa majuma kadhaa huota salfeti ngumu juu ya sahani, na hiyo haitoki tena. Magari yaliyolala kambini bila safari yachajiwe kila mwezi, hasa penye joto.

Ipo desturi moja ya zamani ambayo yafaa izikwe. Madereva wa enzi ya dainamo walizoea kuchomoa tamino ya betri injini ikiwa inazunguka, wakisema gari lisipozimika mtambo unachaji. Katika gari lenye alteneta, kuchomoa huko huruhusu volti kupanda ghafla mara kadhaa, na dayodi na kompyuta hufa papo hapo. Mita ndogo ya volti ni rahisi kuliko kompyuta. Halafu, baadhi ya magari mapya hupunguza chaji kwa makusudi betri ikijaa ili kuokoa mafuta, kwa hiyo fundi akiona 12.8 katika gari la namna hiyo asikimbilie kununua alteneta. Awashe taa na feni, atazame kama mtambo unaitikia.

Betri kuukuu zisitupwe nyuma ya kantini wala kuuzwa kwa vijana wanaoyeyusha risasi uani. Huko Mombasa, katika kijiji cha Owino Uhuru, wakazi walidhuriwa na risasi iliyotoka katika kiwanda cha kuyeyusha betri, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Watoto ndio huumia kwanza. Zirudishwe stoo, nazo ziende kwa mnunuzi mwenye kibali.

Yule koplo sasa ni sajini, na tulionana naye mwaka jana katika karakana ya kikosi kingine. Ana daftari la kurasa za mraba ambalo kila Jumatatu, kabla ya injini yoyote kuwashwa, huandika humo namba ya gari, volti za kila betri peke yake, na volti za chaji. Alituonyesha. Kisha akatupa mita, akatuelekeza kwenye lori lililokuwa mwisho wa mstari, na akasimama kando kutazama kama tungeanza na ya chini au ya juu.